Kumtafuta Babu Aliyekuja na Kaskazi: Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Nasaba ya Familia ya Lamu

Karibu kila nyumba ya Lamu ina babu mmoja ambaye habari zake huanzia gatini. Husemwa kwamba alikuja na kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, akashuka jahazini na mkeka wake, akaoa, asirudi tena kwao. Ukiuliza zaidi ya hapo utaambiwa alikuwa Mshihiri, au Mmanga, au Mngazija, na mazungumzo yatahamia kwenye jambo jingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuvuka mpaka huo, ajue babu huyo alikuwa nani hasa, alitoka kijiji gani, na nani alimpokea alipofika.

Nitatanguliza neno moja ambalo hatua zote zinazofuata zinalitegemea. Wengi wetu humtafuta mgeni huyu kwa kufuata wanaume: mwana, baba, babu, na babu wa babu, mpaka ng'ambo. Njia hiyo hukatika upesi, kwa sababu mwanamume aliyekuja peke yake hakuwa na ndugu hapa wa kumsimulia, hakuwa na nyumba, na kwa miaka ya mwanzo hakuwa na hati yoyote yenye jina lake. Aliyekuwa navyo vyote hivyo ni mke aliyemwoa. Kwa desturi ya Lamu nyumba ya mawe hupewa binti anapoolewa, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Kwa hiyo nyumba, hati yake, majirani wake na masimulizi yake viko upande wa wanawake, na mgeni anayetafutwa hupatikana humo akiwa mume wa fulani binti fulani.

Hatua ya kwanza: daftari na namba

Nunua daftari gumu la kurasa nyingi, na usianze na programu ya kompyuta. Programu zipo nyingi, na baadhi hazina malipo, lakini zitakufaa baadaye utakapokuwa na majina mia moja au zaidi.

Jipe namba 1. Baba yako ni 2, mama yako ni 3. Baba wa mtu yeyote hupata namba ya mtu huyo mara mbili, na mama wa mtu huyo hupata namba hiyo iliyozidishwa mara mbili na kuongezwa moja. Hivyo mama wa mama yako ni 7, mama yake huyo ni 15, na anayefuata ni 31. Mstari huo wa 3, 7, 15 na 31 ndio ninaokuomba uujaze kwanza, kwa sababu ndio unaosahauliwa kwanza. Kwa kuwa kwetu watu huoa sana mabinti wa ami, usishangae mtu mmoja akipata namba mbili: baba na mama yako wakiwa ni watoto wa ndugu wawili wa baba mmoja, namba 8 na namba 12 ni mtu yule yule. Andika namba zote mbili mbele ya jina lake.

Kila habari unayoiandika iandikie pembeni nani aliyeisema na siku gani. Kazi hii inachosha, lakini usipoifanya, baada ya mwaka mmoja hutaweza kutofautisha ulichosikia kwa shahidi na ulichosikia barazani.

Hatua ya pili: kukaa na wazee

Nenda kwanza kwa wanawake wakongwe wa familia, na nenda kwa adabu ya nyumba. Ziara ya kwanza iwe ya kujuliana hali tu, pasipo daftari. Katika ziara ya pili chukua picha za zamani, kwa sababu picha ya harusi iliyowekwa mapajani mwa bibi wa miaka themanini hutoa majina mengi kuliko maswali hamsini. Ukitaka kurekodi sauti kwa simu, omba ruhusa waziwazi, na ukikataliwa usirudie kuomba.

Maswali yenyewe yanataka ufundi. Ukimwuliza mzee babu yake alizaliwa mwaka gani, atakupa mwaka ili akuridhishe, na mwaka huo hautakuwa na thamani. Mwulize alipoolewa yeye, babu huyo alikuwa hai au ameshakufa. Mwulize nani alikuwa walii katika ndoa ya bibi fulani, kwa sababu walii hutoka upande wa baba, na jibu la swali hilo moja huweza kukuonyesha ami au kaka ambaye hakuna aliyemtaja. Nyumba ilitolewa na nani, na aligawiwa nani baada yake? Jina lake alirithi kwa nani, maana watoto wengi hupewa jina la babu au bibi na kumwita somo? Nani alimnyonyesha? Undugu wa ziwa unakataza ndoa kama undugu wa damu, na kwa sababu hiyo wazee huukumbuka vizuri kuliko tarehe yoyote.

Jihadhari na maneno ya undugu. «Baba» huweza kuwa ami, «babu» huweza kuwa mzee yeyote wa mtaa aliyeheshimiwa, na «ndugu» halina mpaka. Kila likitajwa neno «ndugu», uliza pole pole: tumbo moja, au baba mmoja na mama mbalimbali? Mabaharia na wafanyabiashara wengi walikuwa na wake katika bandari zaidi ya moja, na ndugu wa baba mmoja walioko Mombasa au Zanzibar mara nyingi ndio wenye kipande cha habari kilichokosekana hapa.

Kuna hazina mbili za nyumbani ambazo watu huzipita. Ya kwanza ni kurasa za mwanzo na za mwisho za misahafu na vitabu vya dini vya zamani, ambamo akina baba waliandika siku waliyozaliwa watoto wao. Ya pili ni orodha ya majina ya marehemu wanaosomewa fatiha na hitima. Katika familia nyingi orodha hiyo hurithiwa kwa kinywa au kwa karatasi, na mpangilio wake haukuwekwa ovyo. Mtu aliyetajwa humo bila kujulikana ni nani ndiye hasa wa kufuatiliwa.

Hatua ya tatu: kulifungua jina

Jina kamili la Kiamu ni mnyororo: fulani bin fulani bin fulani, kisha jina la kabila au la mahali. Mnyororo huo hukatwa. Babu asiyekuwa mashuhuri huweza kurukwa, na aliyekuwa mashuhuri huunganishwa moja kwa moja na kitukuu chake. Namna ya kuupima ni kuchukua minyororo ya matawi mawili ya ukoo mmoja yasiyozungumza sana pamoja, na kutazama yanakutania wapi na kwa hatua ngapi. Yakikutana kwa mtu mmoja lakini tawi moja lina majina matatu kati na jingine lina matano, umeona palipokatwa, au umegundua kwamba tawi moja lilizaa mapema na jingine likazaa uzeeni.

Jambo linalopoteza watu zaidi ni jina la kabila alilopewa mgeni na wenyeji. Mji wa Shihr ni bandari ya Hadhramaut, na kwa sababu watu wa bara ya huko walisafiri kwa bandari hiyo, wenyeji wa pwani yetu waliwaita wote Washihiri, hata aliyetoka Tarim, Seiyun au katika bonde la Doan. Mmanga ni mtu wa Oman, lakini neno halisemi kama ni wa Maskati, wa Sur au wa ndani ya nchi. Mbulushi huenda babu zake walikuwa askari wa sultani waliotoka Makran, na Mbarawa ni mtu wa Barawa katika nchi ya Somalia. Mimi mwenyewe nilipoteza karibu miaka miwili nikimtafuta Shihr babu wa mama yangu, nikiandika barua na kuwasumbua watu wema, kwa sababu tu kila mtu alimwita Mshihiri. Hati ya nyumba ya mkewe ndiyo iliyonionyesha kwamba alikuwa mtu wa Doan, na hati hiyo ilikuwa katika kasha la shangazi yangu muda wote huo.

Jina la ukoo husaidia zaidi. Majina yanayoanza kwa Ba, kama Bakathir au Bajaber, kwa kawaida ni ya Hadhramaut. Masharifu wana majina ya milango yao, yaani matawi ya ukoo, kama Jamal al-Layl, ambao ni mlango wa Habib Swaleh, mwasisi wa msikiti wa Riyadha wa Lamu, na yeye hakuja kutoka Uarabuni bali kutoka Visiwa vya Ngazija. Mfano wake unatosha kuonyesha kwamba asili ya ukoo na mahali mtu alipopandia chombo ni mambo mawili, na kila moja liandikwe mahali pake.

Wala usidhani kila mgeni alitoka mbali. Baada ya Lamu kuishinda Pate katika vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, nguvu za Pate zilishuka, na watu wa Pate, Siyu na Faza walitawanyika katika mwambao mzima. Miongoni mwa Mataifa Kumi na Mawili, koo za Waswahili wa Mombasa, wamo Wapate, Wapaza, Washaka na Wabajuni, kwa hiyo huenda jamaa unaowatafuta wako Mji wa Kale wa Mombasa na wanatumia jina la kijiji ambacho wewe unaweza kukifikia kwa boti asubuhi moja. Familia za Kibajuni zilizohama bara na visiwa vya kaskazini katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya shifta, nazo ziulizwe kuhusu kijiji cha kabla ya kuhama, kwa kuwa vyeti vyao vitaonyesha mahali walipohamia tu.

Hatua ya nne: tarehe

Hati za zamani zina tarehe za Hijria. Kwa makadirio ya haraka, gawanya mwaka wa Hijria kwa 33, toa jibu hilo katika mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. Mwaka 1320 ukigawanywa kwa 33 hutoa 40; 1320 ukitoa 40 ni 1280; ukiongeza 622 unapata 1902, na kweli mwaka 1320 ulianza Aprili 1902. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, ndiyo sababu mzee anayehesabu kwa Ramadhani atakuwa na umri mkubwa kidogo kuliko wa kitambulisho chake.

Masimulizi yasiyo na tarehe yafungwe kwenye matukio. Wajerumani waliweka ulinzi wao Witu, bara ya Lamu, mwaka 1885 na kuuachia Waingereza mwaka 1890. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa 1914 hadi 1918. Hata msimu ni ushahidi: aliyekuja moja kwa moja kutoka Uarabuni au India kwa tanga alifika kati ya Desemba na Machi, na anayesemwa kufika katikati ya kusi, upepo wa kutoka kusini, labda alitokea Zanzibar au Mombasa. Usihesabu vizazi kwa miaka ishirini na mitano kama vitabu vinavyoshauri. Mwanamume wa hapa aliweza kupata mtoto wa mwisho akiwa na miaka sitini, na vizazi vitatu vya namna hiyo hula karne na nusu.

Hatua ya tano: hati za karibu

Vyeti vya kuzaliwa na kufa havitakufikisha mbali, kwa sababu uandikishaji ulienea nchi nzima mwaka 1971 tu. Vinafaa kwa wazazi na pengine mabibi na mababu. Nguvu iko katika hati za Kiislamu na za ardhi.

Omba kwa adabu katika mahakama ya kadhi kuona sijili za ndoa na talaka na mafaili ya mirathi. Faili ya mirathi ndiyo bora kuliko zote, maana kadhi hawezi kugawa fungu bila kujua warithi wote, wa kike na wa kiume, waliopo na walioko ng'ambo. Mgeni aliyekufa hapa huku ana mke wa kwanza Hadhramaut hufichuka humo. Nenda na jina la marehemu, mwaka wa kufa kwa makadirio, na mtaa. Ukienda na jina la ukoo tu utarudishwa, na si kwa ubaya.

Katika ardhi, tafuta kwa majina ya wanawake. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika pwani kuyaleta yasikilizwe, na familia zenye mashamba Malindi zina nafasi nzuri ya kukuta humo maelezo ya namna shamba lilivyopatikana na kwa urithi wa nani. Malindi ilianzishwa upya katika miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, na wengi waliofungua mashamba huko walikwenda kutoka Lamu na Mombasa. Hati za wakfu nazo huwataja wazao watakaofaidika kizazi kwa kizazi, na hivyo hati moja huweza kuwa mti mzima wa ukoo.

Hati nyingi za kale ni Kiswahili au Kiarabu kwa herufi za Kiarabu. Kama huzisomi, usitegemee msomaji mmoja. Katika maandishi hayo herufi moja husimama mahali pa b, p na mb, na irabu e na i, au o na u, hazitofautishwi, kwa hiyo wasomaji wawili wazuri wanaweza kukupa majina mawili. Piga picha safi kwa mwanga wa mchana, bila kuitandaza karatasi kwa nguvu, na hati yenyewe ibaki kwa mwenyewe.

Makaburi nayapitia upesi. Mengi ya Lamu hayana maandishi, ila mawe mawili ya kichwani na miguuni. Muulize anayeyazuru, usilitegemee jiwe.

Hatua ya sita: nyaraka za serikali

Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Nairobi, katika Barabara ya Moi, na Mombasa kuna hifadhi ya nyaraka za mkoa wa zamani wa Pwani. Omba ripoti za mwaka za wilaya, vitabu vya kumbukumbu za kisiasa, na barua za Liwali, mwakilishi wa Sultani. Mtu asiyejua jambo hili moja huondoka mikono mitupu: katika miaka ya mwanzo ya ukoloni Lamu ilikuwa katika mkoa ulioitwa Tanaland, na mafaili yake yameorodheshwa hivyo. Tafuta pia kila jina kwa maandishi ya Kiingereza cha wakati huo: Patta kwa Pate, Siu kwa Siyu, Shella kwa Shela, na majina ya watu kwa tahajia yoyote iliyomjia karani.

Karani huyo huyo alimweka kila mtu katika fungu, Mwarabu, Mswahili au «mwenyeji», na fungu lilikuwa na athari katika kodi na haki za mtu. Watu waliomba kuhamishwa kutoka fungu moja kwenda jingine, na ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kuandikwa mafungu mawili. Neno hilo la karani lisomwe kama habari ya serikali, lisichukuliwe kuwa habari ya damu.

Habari za kabla ya 1895, tulipokuwa chini ya Zanzibar, zitafutwe katika Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar. Nyaraka za Waingereza kuhusu Ghuba na Maskati zinasomwa bure katika intaneti kupitia Maktaba ya Dijitali ya Qatar.

Hatua ya saba: kukipima ulichokipata

Familia nyingi zina shajara, yaani mti wa nasaba, iliyoandikwa vizuri, inayopanda mpaka Shiraz, au Oman, au kwa Mtume (S.A.W.). Iheshimu, iandike neno kwa neno, kisha iweke katika kurasa zake peke yake mpaka kila kiungo kipate shahidi wa pili. Masharifu wa Ba Alawi wana desturi ya kuhifadhi nasaba kwa uangalifu mkubwa, na shajara ya Lamu inaweza kulinganishwa na za Tarim au za Indonesia. Shajara nyingine ziliandikwa siku ukoo ulipohitaji heshima, na hilo pia ni historia.

Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya mwambao, ikiwemo Manda na Faza, na katika mji mmoja wa bara. Ulionyesha kwamba asili ya upande wa wanawake ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa, na asili iliyotoka Asia, hasa Uajemi, ililetwa zaidi na wanaume. Matokeo hayo hayathibitishi shajara ya mtu yeyote, lakini yanasema jambo lile lile linalosemwa na hati za nyumba: aliyekuja aliingia kwa mama aliyekuwepo. Ukipima vinasaba vyako mwenyewe, jua kwamba utapata jamaa na maeneo ya jumla, hutapata jina la babu.

Kisha kuna babu aliyeletwa kwa nguvu. Wengine walifika kwa jahazi lile lile la biashara, kutoka nchi za Wayao, Wanyasa na Wamakua, bila jina la baba, wakapewa jina jipya na kuhesabiwa katika ukoo wa bwana wao. Dalili yake ni mnyororo unaokatika ghafla kwa jina moja, au ukoo unaotumia kabila la familia nyingine bila kuoana nayo. Ukiikuta habari hii, usiitangaze katika kundi la simu la familia. Iandike, iweke, na umwambie kwanza mzee anayehusika, kwa faragha, halafu yeye aamue. Wala usiifute.

Hatua ya nane: barua ya kuvuka bahari

Usiandike ng'ambo mpaka uwe na mambo manne: jina lake na la baba yake, kabila au mlango wake, kijiji au bonde, na makadirio ya mwaka aliosafiri. Barua iwe ya Kiarabu fasaha, fupi, na ipitie kwa mtu wa huko anayeishi hapa au kwa imamu wa msikiti wa kijiji.

Katika aya ya kwanza kabisa, baada ya salamu, sema kwamba hudai urithi wala ardhi. Wao nao wana babu aliyeondoka akaacha mke na watoto, na jambo la kwanza litakalowajia mgeni akijitokeza baada ya miaka mia ni mitende ya nani itagawanywa tena. Barua yangu ya kwanza haikuwa na sentensi hiyo, na haikujibiwa. Ya pili ilikuwa nayo, pamoja na nakala ya ukurasa wa hati ya nyumba na picha ya mlango wake. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, na ndani yake mlikuwa na swali: walitaka kujua mke wake wa Lamu aliitwa nani binti nani, kwa sababu katika shajara yao hapo pameachwa wazi.